Mji Huanzia Pale Mzigo Unaposhushwa

Ukiuliza kwa nini watu wamejazana sehemu fulani ya dunia na pengine pamebaki patupu, jibu la haraka huwa "hali ya hewa". Jibu hilo halifiki mbali. Yakutsk huko Siberia ina watu zaidi ya 300,000, na wastani wa baridi ya Januari hushuka chini ya nyuzi 35 za hasi. Wakati huohuo kuna mabonde yenye hewa tamu mwaka mzima ambayo hayana hata moshi wa jiko. Anayetaka kuelewa ramani ya watu aanze na ndoo ya maji, aende kwenye mvua na udongo, kisha aulize mzigo ulishushwa wapi. Mandhari mazuri huja mwisho kabisa, na mara nyingi hakuna haja ya kufika huko.

Tuanze na ndoo, kwa sababu hesabu yake ni rahisi na haina huruma. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kilo 20. Mtu mmoja akitumia lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa, nyumba ya watu sita inahitaji madumu sita. Chemchemi ikiwa mita 500 kutoka mlangoni, kila safari ni kilomita moja kwenda na kurudi, yaani kilomita sita kwa siku, nusu yake mzigo uko kichwani. Sogeza nyumba hadi kilomita mbili na hesabu inakuwa kilomita 24 kwa siku. Hakuna atakayebaki na nguvu za kulima. Watu hapo hawatembei zaidi, bali hupunguza maji: kufua kunasogezwa mbele, kuoga kunakuwa kwa nadra, kuhara na magonjwa ya macho na ngozi yanapanda, na mwishowe nyumba zenyewe zinahama. Ndiyo maana vijiji vya enzi za kuteka maji kwa mkono huwa havikai mbali sana na maji, kwa kawaida ndani ya kilomita moja hivi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza umbo la kijiji. Maji yakitoka sehemu moja tu, nyumba hubanana kuizunguka. Yakipatikana kila mahali, kwa kuwa kisima cha mita tatu kinatosha popote, kila familia hujenga katikati ya shamba lake na kijiji hutawanyika. Kuna umbo la tatu linalopendeza kwenye ramani: vijiji vilivyopangana kama shanga kwenye mwinuko mmoja, chini ya kilima. Hapo tafuta mpaka wa miamba. Mvua inazama ndani ya mwamba unaopitisha maji, kama chokaa laini, inakutana na mfinyanzi usiopitisha, inakosa njia ya kushuka na kutokea ubavuni kama chemchemi. Kusini mwa Uingereza, chini ya vilima vya chokaa, mistari ya namna hii ni mingi. Ila usitazame nyumba za leo. Bomba na pampu vimevuruga picha, kwa hiyo fuata majengo ya kale kuliko yote, ya ibada hasa.

Kuwa karibu mno na maji nako kuna bei yake, na hapa ndipo wengi hukosea kusoma ramani ya miji ya mitoni. Wanadhani sehemu salama ni ile iliyo mbali na mto. Kwenye mto mkubwa wa uwanda tambarare ni kinyume. Mto unapofurika, maji yakitoka kwenye mkondo hupoteza kasi mara moja na kuangusha kwanza mchanga mzito, palepale ukingoni. Tope laini husafiri mbali zaidi kabla ya kutua. Baada ya mafuriko mengi, ukingo unakuwa tuta la asili, na ardhi ya nyuma inabaki chini kama beseni. New Orleans, huko Marekani, ilianzishwa mwaka 1718 juu ya tuta kama hilo la mto Mississippi. Kwa karibu miaka 200 mji ulirefuka kufuata ukingo tu, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kinamasi. Pampu kubwa za mwanzoni mwa karne ya 20 zikakausha kile kinamasi na watu wakajenga humo. Udongo wa mboji na tope ukinyimwa maji hunywea na kuzama, hivyo kila maji yalivyozidi kuvutwa ndivyo ardhi ilivyozidi kwenda chini, mpaka mitaa mingi ikawa chini ya usawa wa bahari. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipobomoa kuta za kuzuia maji, karibu asilimia 80 ya mji ilifunikwa. Mtaa wa kale wa Wafaransa, ulio karibu zaidi na mto, kwa sehemu kubwa ulibaki mkavu.

Sasa mvua. Kwa mkulima asiye na mfereji, wastani wa mwaka ni namba inayodanganya. Chukua sehemu mbili zenye wastani wa milimita 400. Ya kwanza hupata kati ya 350 na 450 kila mwaka. Ya pili hupata 650 mwaka huu na 150 mwaka ujao. Ya kwanza itakuwa na vijiji, ya pili itakuwa na wafugaji wanaohama. Siri iko kwenye mbegu. Ukivuna magunia manne kwa kila gunia ulilopanda, robo ya mavuno lazima irudi ardhini. Mwaka wa kwanza wa ukame unakula akiba, wa pili unakula mbegu, na wa tatu hata mvua ikinyesha vizuri hakuna cha kupanda. Mfugaji naye anaumia, lakini mali yake ina miguu.

Mfano mkubwa kuliko yote uko China. Mwaka 1935 mwanajiografia Hu Huanyong alichora mstari mmoja wa mshazari kutoka kaskazini mashariki hadi kusini magharibi mwa nchi. Upande wa mashariki ulikuwa na asilimia 36 ya ardhi na asilimia 96 ya watu. Mstari huo unakaribiana sana na ule wa mvua ya milimita 400 kwa mwaka. Tangu wakati huo kumepita vita, reli na mipango ya kupeleka viwanda magharibi, na bado zaidi ya watu tisa kati ya kumi wako upande uleule.

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu kosa lake ni la binadamu kabisa, ni wa Australia Kusini. Baada ya ukame mkali wa miaka ya 1860, mpima ardhi mkuu wa koloni, George Goyder, alizunguka kwa farasi akitazama mimea badala ya takwimu, maana takwimu za mvua zilikuwa chache mno. Palipoota miti midogo ya jamii ya mikaratusi aliona panalimika. Palipoota vichaka vinavyostahimili chumvi na ukame aliona panafaa mifugo tu. Mwaka 1865 akachora mstari. Ikafuata miaka ya mvua nzuri, wakulima wakaanza kumcheka, ikaenea imani kwamba mvua hufuata jembe, na mwaka 1874 serikali ikafungua ardhi ya kaskazini mwa mstari kwa kilimo cha ngano. Mji mmoja huko ukapewa jina la Farina, yaani unga, kwa matumaini ya ngano ambayo ingejaa pale. Miaka ya 1880 ukame ukarudi. Magofu ya nyumba za mawe bado yamesimama ng'ambo ya mstari wa Goyder, na ngano inaendelea kulimwa upande wake wa kusini. Somo la upimaji ni hili: vichaka vimeishi na miaka mibaya yote, wakati daftari la mvua la miaka kumi linaweza kuwa limeangukia miaka mizuri tu.

Mto unaoleta maji kutoka mbali huvunja kanuni hii. Misri karibu haina mvua, lakini takriban asilimia 95 ya watu wake wamebanana kwenye kama asilimia 5 ya ardhi, kando ya Naili na kwenye delta yake. Maji yale yalinyesha nchi nyingine, sehemu kubwa kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Kwa hiyo ukiona umati jangwani, fuata mto hadi juu kabla ya kushangaa.

Mvua nyingi nazo si dhamana. Java na Borneo ni visiwa jirani kusini mashariki mwa Asia, vyote vina joto na mvua tele. Java ina kilomita za mraba 129,000 hivi na watu zaidi ya milioni 150. Borneo ni kubwa karibu mara sita, na watu wake hawafiki milioni 30. Tofauti iko chini ya miguu. Mvua ya kitropiki huosha udongo mwaka baada ya mwaka na kuondoka na kalsiamu, potasiamu na magnesi. Kinachobaki ni chuma na alumini, ambavyo hung'ang'ania fosforasi hata mimea isiipate. Java ina volkano hai zinazomwaga majivu mapya, yaani mbolea ya bure inayorudishwa juu ya ardhi. Borneo haina, na sehemu zake nyingi ni udongo uliochoka au mboji yenye tindikali. Mkulima wa udongo uliochoka hulima kipande miaka miwili, kisha hukipumzisha kama miaka 12, kwa hiyo familia inahitaji ardhi mara saba ya ile inayolimwa mwaka huo. Mkulima wa mpunga wa majaruba kwenye majivu ya volkano hulima kipande kilekile kila mwaka, mara nyingi zaidi ya mara moja. Wanaoishi chini ya volkano si kwamba hawaioni hatari. Wameweka mlipuko wa mara moja kwa vizazi kadhaa upande mmoja wa mizani, na mavuno ya kila mwaka upande wa pili.

Kimo nitakipita haraka. Joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo kwenye mita 2,400 kuna pungufu la nyuzi 14 au 15 kuliko pwani. Chini ya nyuzi 18 hivi vimelea vya malaria aina ya falsiparamu huchelewa kukomaa ndani ya mbu hata mbu akafa kwanza. Mbung'o naye hapendi baridi, na pasipo mbung'o ng'ombe huishi, kukawa na samadi na wa kuvuta plau. Addis Ababa, Bogotá, Quito na Mexico City zote ziko juu ya mita 2,200, na zote ziko katika ukanda wa joto ambako chini yake kuna homa.

Hadi hapa tumeeleza wakulima. Hatujaeleza miji, na miji ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya watu wa dunia tangu mwaka 2007 hivi. Kwa miji, uliza mzigo.

Mzigo ukibadilisha chombo lazima ushushwe, uhesabiwe, ulindwe, usubiri na upakiwe tena. Chukua boti yenye tani 100 inayofika mahali isipoweza kuendelea. Mpagazi akibeba kilo 30, wanahitajika watu zaidi ya 3,300 kuisafirisha shehena hiyo moja. Watu hao watakula, watalala, wataugua na watalipwa. Kuna atakayepika, atakayekopesha, atakayerekebisha boti, atakayetoza ushuru. Hapo tayari ni mji, na hakuna aliyekaa akaupanga.

Kinshasa na Brazzaville zinatazamana kuvuka Mto Kongo kwa sababu hiyo. Juu yao mto unapitika kwa boti zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kisangani. Chini yao tu yanaanza maporomoko yanayoendelea karibu hadi Matadi, na Matadi ndipo meli za baharini zinapokomea. Bidhaa zote za bonde lile kubwa zilipaswa kushuka pale juu, kupita nchi kavu, na kupakiwa upya kule chini. Reli ya Matadi ilipokamilika mwaka 1898 haikuondoa mji. Iliuongezea nguvu, maana behewa nalo ni chombo cha kubadilishia. Kosa la kawaida ni kusema "mji uko pale kwa sababu ya mto". Mto una maelfu ya kilomita. Swali lenye faida ni: kwa nini hapa, na si kilomita 50 juu au chini?

Jibu likitafutwa hivyo, miji mingi inafunguka. Mashariki mwa Marekani chora mstari unaopita Philadelphia, Baltimore, Washington na Richmond: unafuata mahali ambapo mito inashuka kutoka miamba migumu hadi uwanda wa pwani. Boti zilikwama kwenye maporomoko, na maporomoko yakazungusha vinu. London iko pale ambapo Warumi, katika karne ya 1, waliweza kujenga daraja na bado meli zikafika kwa kujaa kwa maji. Mpaka mwaka 1750 mji ule mkubwa ulikuwa na daraja moja tu. Chicago iko mahali ambapo maji ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini na yale ya Mississippi yanakaribiana mno, hata mitumbwi ilibebwa kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mfereji ukachimbwa kukamilika mwaka 1848. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli kwenye ardhi tambarare ya mwisho kabla ya mwinuko na mteremko wa Bonde la Ufa.

Upepo nao unaweza kushusha mzigo. Majahazi ya Uarabuni yalikuja kwa kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, yakarudi kwa kusi. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa umbali ambao nahodha angeweza kwenda na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Dhahabu ilitoka Sofala, mbali zaidi kusini, lakini anayeifuata huko moja kwa moja alihatarisha kukosa upepo wa kurudi. Kwa hiyo dhahabu ilipandishwa kwa vyombo vya pwani hadi Kilwa, ikabadilisha mikono pale. Hakuna poromoko wala mlima kwenye ramani. Mpaka uko kwenye kalenda.

Kati ya miji mikubwa kuna ile midogo ya soko, na nafasi baina yao hupimwa kwa miguu ya mnunuzi. Sheria ya Uingereza ya karne ya 13 ilichukulia soko jipya kuwa kero kwa la zamani likiwa ndani ya maili 6 na theluthi mbili, kama kilomita 10.7. Hesabu yake: safari ya siku ni maili 20, theluthi ya kwenda, theluthi ya kuuza na kununua, theluthi ya kurudi. Barabara ya lami ikija, theluthi ile inakuwa kilomita 60, na miji midogo ya katikati inaanza kunyauka hata kama hakuna aliyeikosea.

Mikubwa lakini hainyauki kirahisi, na hapa ndipo jambo zima linapogeuka. Hakuna anayebeba mtumbwi Chicago leo, wala anayesaga unga kwa maporomoko ya Richmond. Sababu ilikufa, mji ukabaki. Kila mtu yuko pale kwa sababu wengine wako pale: mwajiri anafuata mafundi, fundi anafuata waajiri, na anayehama peke yake anapoteza vyote viwili. Mexico City imejengwa juu ya mji wa Waazteki uliokuwa kisiwa ziwani. Ziwa lilikaushwa, tope likabaki, na mji unazama kadiri maji ya chini yanavyovutwa. Mwaka 1985 tetemeko lililoanzia zaidi ya kilomita 350 mbali liliua maelfu, kwa sababu tope lile hutikisika kama uji bakulini. Mji haukuhama. Phoenix, jangwani Arizona, ilikuwa na watu kama 107,000 mwaka 1950 na milioni 1.6 mwaka 2020, na sehemu ya maji yake husafiri mamia ya kilomita kutoka Mto Colorado, yakisukumwa juu kwa pampu. Hata mtaa mmoja unaweza kubeba sababu iliyokufa. Upepo wa London huvuma zaidi kutoka magharibi, moshi wa makaa ukaenda mashariki, wenye fedha wakajenga magharibi. Moshi umekwisha zamani, lakini bei za nyumba bado zinaukumbuka.

Miji ya madini hufuata njia yake, na gharama zake huonekana kwenye misingi ya majengo. Norilsk, ndani ya Aktiki, ina watu zaidi ya 170,000 kwa sababu ya nikeli na paladiamu. Haina barabara ya kuiunganisha na Urusi nyingine. Majengo yamewekwa juu ya nguzo zilizozamishwa kwenye ardhi iliyoganda, na chini ya sakafu kuna nafasi ya hewa ili joto la nyumba lisifike ardhini. Bomba la maji moto likivuja humo, barafu ya chini inayeyuka, nguzo inashuka, ukuta unapasuka.

Kama unataka kukisia mji upi utadumu, hesabu sababu zake na uone ngapi zinaweza kufa kwa pamoja. Kolmanskop, Namibia, ilizaliwa baada ya almasi kuokotwa kando ya reli mwaka 1908. Sababu ilikuwa moja, na hata maji yaliletwa kutoka mbali. Almasi nono zaidi zikapatikana kusini, karibu na Mto Orange, watu wakazifuata, na mwaka 1956 wa mwisho wakaondoka. Leo mchanga umejaa vyumbani hadi nusu ya milango. Lüderitz, umbali wa kilomita kumi tu, jangwa lilelile na upepo uleule, bado ina watu. Ina ghuba ambayo meli zinaweza kutia nanga.